Gari Jepesi na Tairi Lake: Hotuba kwa Wanaojiandaa na Siku ya Saketi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wenye magari mepesi ya spoti wanaotaka kuyapeleka saketi, yaani kwenye uwanja wa mbio za magari. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wenzangu wapenzi wa magari, habari za jioni.

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie matairi, na tangu nimeingia ukumbini nimeulizwa swali lile lile na watu tofauti: "Ninunue tairi gani?" Nami kila aliyeniuliza nilimrudishia swali: gari lako lina kilo ngapi? Wengi walinitajia nguvu farasi. Wengine walinitajia kasi ya mwisho. Waliojua kilo walikuwa wachache mno, na hilo ndilo lililonifanya niache utangulizi niliokuwa nimeuandaa na kuanzia hapo hapo kwenye kilo.

Lotus Elise ya kwanza, ilipoingia sokoni mwaka 1996, ilikuwa na kilo 725 hivi. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikuwa chini ya tani moja. Caterham Seven nyingi zina kilo 500 hadi 600 na kidogo. Sasa chukueni gari la kisasa la spoti lenye milango minne: kilo 1,600, pengine 1,800. Je, magari haya yanaweza kuvaa tairi moja na yakapata matokeo sawa? Hayawezi. Lakini tunasoma sifa zilizoandikwa na mwenye gari la kilo 1,700, tunanunua alichonunua, kisha tunashangaa. Wahenga walisema kila ndege huruka na mbawa zake. Ukibaki na neno moja tu la jioni hii, naomba liwe hilo.

Kwa nini uzito? Kwa sababu mpira wa tairi la kasi hushika barabara ukiwa na joto. Na joto linatoka wapi? Linatoka kwenye kazi. Tairi linapobinywa, likakunjwa, likasukumwa upande kwenye kona na kuburutwa kidogo kwenye lami, mpira unafanya kazi na unapata moto. Gari zito linaumiza mpira sana, kwa hiyo linaupasha haraka, na mara nyingi linaupasha kupita kiasi. Gari jepesi linaupasha polepole, na lisipopata mpira unaolifaa haliupashi kabisa.

Nina jamaa mwenye gari dogo la wazi, la kilo mia saba na kitu. Rafiki yake mwenye gari zito la nguvu nyingi alimsifia tairi fulani gumu, la kudumu, lililotengenezwa livumilie mizunguko mingi mfululizo bila kulegea. Kwa gari zito sifa hiyo ni ya kweli. Jamaa yangu akanunua seti nzima. Asubuhi ile kulikuwa na ubaridi. Akaingia saketi, akamaliza kipindi chake, akarudi analalamika kwamba gari linateleza tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipoweka kiganja juu ya tairi la mbele, lilikuwa vuguvugu tu. Baada ya kukimbizwa kwa nguvu zake zote, vuguvugu! Na usoni mwa mpira kulikuwa na vijinyuzi vidogo vilivyojiviringisha, kama vile vinavyobaki kwenye karatasi ukifuta kwa raba.

Naomba mvikumbuke vijinyuzi hivyo, maana vinadanganya. Mtu akiviona anasema, "Tairi limeungua, ni laini mno, nitafute gumu zaidi." Kumbe ni kinyume. Tairi baridi halishiki, linateleza juu ya lami, na lami inalichuna ngozi ya juu huku ndani bado ni gumu. Angefuata macho yake angenunua tairi gumu zaidi na tatizo lingeongezeka. Alihitaji mpira laini zaidi, unaoamka mapema. Alipoupata, gari lilikuwa lingine.

Kwa hiyo mwenye gari jepesi, usiogope mpira laini. Tairi ambalo kwenye gari zito linasifika kwa mizunguko miwili kisha linalegea, kwenye gari lako linaweza kushika vizuri kipindi kizima, kwa sababu wewe huna uzito wa kulichosha. Yokohama Advan A052 ni mfano mzuri. Wenye magari mazito wanalilalamikia kwamba linapata moto upesi na kuisha upesi. Wenye magari mepesi wanalipenda kwa sababu ile ile ya kupata moto upesi. Avon ZZR nalo limejulikana kwa miaka mingi miguuni mwa magari ya aina ya Caterham. Wenye magari mazito na wenye mepesi hawagombani na ukweli, ila kila mmoja anasema habari za kilo zake.

Na wepesi una zawadi nyingine. Ukiongeza mzigo juu ya tairi mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Unaongezeka, lakini kwa pungufu. Maana yake ni kwamba kila kilo uliyoipunguza kwenye gari, tairi linakulipa kwa kushika vizuri zaidi kulingana na mzigo lililobeba. Ndiyo maana gari jepesi lenye tairi jembamba linaweza kulipita kwenye kona gari lenye tairi pana maradufu. Nguvu za injini hazikupi hilo.

Hapo naingia kwenye upana, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu najua ninagusa kitu ambacho wengi tunakipenda kwa macho.

Tairi pana linapendeza. Linajaza bodi, linalipa gari sura ya ushindani. Lakini hebu tujiulize: Lotus waliweka tairi gani kwenye ile Elise ya kwanza? Mbele 185/55 ringi 15. Nyuma 205/50 ringi 16. Upana wa milimita mia moja themanini na tano tu mbele! Hawakukosa tairi pana la kuweka. Walijua kilo walizonazo. Tairi pana juu ya gari jepesi lina mpira mwingi wa kupasha moto na uzito mdogo wa kuupasha. Linaongeza uzito kwenye gurudumu lenyewe, mahali ambapo springi hazikusaidii, kwa hiyo gurudumu linachelewa kurudi chini baada ya kupanda tuta au ukingo wa saketi. Na linaongeza ukinzani wa hewa kwenye gari ambalo huenda halina nguvu farasi za kupoteza.

Kuna kijana aliweka tairi za 225 kwenye ringi zake za zamani zenye upana wa inchi sita na nusu. Tairi liliingia, ndiyo, lakini mbavu zake zilibanwa ndani na uso wa tairi ukatuna katikati. Kila akikata kona, tairi lilijikunja kwanza kabla gari halijageuka. Aligeuza usukani, akasubiri, ndipo gari likamfuata. Akarudi kwenye 195 juu ya ringi zile zile na mizunguko yake ikawa na kasi zaidi. Upana wa ringi na upana wa tairi lazima vilingane. Mtengenezaji wa tairi huandika upana wa ringi unaoruhusiwa kwa kila saizi. Usome kabla hujalipa.

Wenye magari ambayo tairi za mbele na za nyuma hazilingani, nanyi nina neno lenu. Tofauti ile imewekwa makusudi. Gari lenye injini katikati lina uzito zaidi nyuma, na mtengenezaji amelipa tairi jembamba mbele ili, likizidiwa kwenye kona, pua ndiyo ianze kutoka nje, polepole, huku dereva akihisi. Ukipanua mbele peke yake, unaondoa onyo hilo. Gari litaingia kona kwa ukali wa kufurahisha, na siku utakapoachia mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi, mkia utakupita. Nimeliona hili likitokea mbele yangu: Elise iliyowekwa tairi pana mbele tu, ikazunguka kama mara mbili na kuishia kwenye changarawe ikiangalia ilikotoka. Dereva alitoka salama. Ukibadilisha mbele, badilisha na nyuma, na tairi ziwe za aina moja, mpira mmoja, gari zima.

Kipenyo cha tairi nalisema kwa kifupi. 195/50 ringi 15 lina kipenyo cha milimita 576 hivi. 205/50 ringi hiyo hiyo lina 586. Gari lako linakuwa kana kwamba gia zimerefuka kwa karibu asilimia mbili, na spidomita inabadilika kwa kiasi hicho. Si balaa, lakini lijue.

Sasa, aina za tairi. Kuna tairi zuri la barabarani la hali ya joto. Kuna tairi la barabarani lenye mpira mkali, ambalo watu wa saketi wanalitaja kwa namba 200. Kuna nusu sliki, kama Toyo R888R au Nankang AR-1, lenye mifereji michache. Kisha kuna sliki yenyewe, isiyo na mfereji hata mmoja, ambayo hairuhusiwi barabarani, kwa hiyo itakubidi uibebe kwenye trela au uibadilishie pale pale saketi. Sliki sitaizungumzia zaidi. Mwenye kuihitaji hakuja kunisikiliza mimi.

Hiyo namba 200 ni nini? Ubavuni mwa tairi nyingi zinazouzwa Marekani utaona neno TREADWEAR likifuatwa na namba. Serikali ya Marekani iliweka mfumo huu ili mnunuzi ajue tairi litaisha upesi kiasi gani. Tairi linajaribiwa barabarani Texas kwa umbali wa maili 7,200, ambazo ni kilomita 11,600 hivi, pamoja na tairi la kulinganishia. Lenye 200 linapaswa kudumu mara mbili ya lenye 100. Kwa kawaida namba ndogo ni mpira laini. R888R lina 100. A052 lina 200, na Bridgestone Potenza RE-71RS lina 200.

Lakini sikilizeni vizuri. Namba hiyo anaiandika mtengenezaji mwenyewe. Na kwa kuwa mashindano mengi ya ridhaa Marekani yanataka tairi lisilo chini ya 200, watengenezaji wameshindana kutengeneza tairi linalonata kadiri inavyowezekana huku likibeba namba 200 ubavuni. Kwa hiyo 200 ya huyu na 200 ya yule zinaweza kuwa mbingu na ardhi. Moja likaisha kwa siku chache za saketi, jingine likadumu msimu mzima. Itumieni namba kama mlango wa kuingilia. Ukishaingia, uliza mtu mwenye gari la uzito kama wako.

Na anayeanza? Ndugu yangu unayeanza, wewe ndiye ninayekufikiria zaidi jioni hii. Anza na tairi zuri la barabarani. Najua hukutaka kusikia hivyo. Ngoja nikueleze kwa nini nasisitiza.

Kulikuwa na vijana wawili walioanza pamoja, magari yao yakifanana. Mmoja alinunua nusu sliki kabla hajakanyaga saketi. Mwingine alibaki na tairi zake za barabarani. Mwanzoni yule wa nusu sliki alimwacha mwenzake mbali, na alifurahi, ni haki yake. Lakini tairi lake lilikuwa linaficha makosa yake. Akichelewa breki, tairi linamwokoa. Akigeuza usukani kwa pupa, tairi linamvumilia. Mwenzake, kila akikosea, tairi lilipiga kelele. Tairi la barabarani hulia mapema na huachia taratibu: linakuambia umekaribia, umefika, umepita. Akajifunza kusikiliza. Nusu sliki nyingi hulia kidogo tu, na zikiachia zinaachia ghafla, tena kwenye kasi kubwa zaidi. Msimu ulipokwisha, waliazimana magari, na yule wa tairi za barabarani aliendesha gari la mwenzake kwa kasi kuliko mwenye gari.

Kwa hiyo barabarani kwanza. Ukiona umefika mahali ambapo kila mzunguko unafanana na uliotangulia, na unajua kwa hakika kwamba kinachokuzuia ni tairi, nenda kwenye 200. Wengi wenu mtaishia hapo, na mkiishia hapo mmefika pazuri, maana kwa gari jepesi linaloendeshwa hadi saketi na kurudi nyumbani, sioni chaguo bora kuliko hilo.

Wenzangu, upepo. Naomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu mtu anaweza kununua tairi sahihi kabisa kisha akaliharibu kwa upepo.

Tarehe 30 Juni 2013, mashindano ya Formula 1 pale Silverstone, Uingereza. Lewis Hamilton alikuwa anaongoza mbele ya mashabiki wa nyumbani kwake. Tairi lake la nyuma kushoto likapasuka. Baadaye likapasuka la Felipe Massa, nyuma kushoto. Kisha la Jean-Éric Vergne, nyuma kushoto. Karibu na mwisho likapasuka na la Sergio Pérez. Hawa ni madereva bora duniani, timu zenye wahandisi wa kila namna. Siku mbili baadaye Pirelli, waliotengeneza matairi hayo, walitaja sababu: timu zilikuwa zimebadilishana tairi za nyuma, la kulia likavaliwa kushoto, ilhali yalitengenezwa yasilingane. Upepo ulikuwa chini kuliko uliopendekezwa. Tairi zililazwa mno. Na kingo za kona za kasi zilikuwa kali. Kuanzia mashindano yaliyofuata, kubadilishana pande kulipigwa marufuku.

Mnaona? Upepo, mwinamo (yaani jinsi tairi linavyolazwa), upande. Mambo ambayo mimi na wewe tunayashika kwa mikono yetu kwenye maegesho ya saketi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya tairi. Hewa ikipata moto inasukuma. Kwa upepo wa kawaida wa gari jepesi, kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka ndani ya tairi, upepo unapanda kwa psi (kipimo cha upepo wa tairi) moja na zaidi kidogo. Ukiondoka nyumbani na upepo ulioandikwa mlangoni mwa gari, kisha ukapiga mizunguko mitano ya nguvu, huo si upepo ule tena. Tairi linatuna katikati, mabega yananyanyuka, na gari linaanza kuelea. Kwa hiyo upepo wa saketi hupimwa tairi likiwa la moto, papo hapo unapotoka, kabla hujazima injini na kuanza kusimulia. Unaupunguza hadi pale unapoutaka. Kesho yake tairi likipoa unapima tena na kuandika: huo ndio upepo wako wa kuanzia siku nyingine yenye hali ya hewa kama hiyo. Tumia kipimo kimoja, kile kile, siku zote, kwa sababu vipimo viwili haviafikiani.

Gari jepesi linataka upepo mdogo kuliko zito. Mwenzako wa kilo 1,700 anaweza kukuambia psi 34 au 36 za moto. Ukimfuata, gari lako la kilo 700 litakuwa linaruka ruka juu ya lami. Magari ya uzito huo mara nyingi yanafurahi katikati ya ishirini na kitu. Lakini msinikariri namba, tairi lenyewe lina majibu. Chukua chaki. Chora mistari mitatu kuanzia usoni mwa tairi, upite begani, ushuke ubavuni. Ingia saketi, piga mizunguko yako, toka uangalie. Chaki ikifutika hadi ubavuni, tairi linajilaza mno: ongeza upepo, au lisimamishe vizuri kwa mwinamo. Chaki ikibaki hata begani, upepo umezidi.

Mwenye kutaka kwenda mbali zaidi atafute kipimajoto chenye sindano, kinachochomwa ndani ya mpira. Kile cha kuelekeza mwanga kinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi hupoa kabla hujafika maegesho. Choma sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Katikati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Nje ikiwa moto kuliko ndani, tairi linahitaji kuinamishwa zaidi. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi chache, umekaribia. Kwa jumla nusu sliki nyingi hupenda nyuzi 80 hadi 100. Ukisoma 50 baada ya kipindi kizima cha nguvu, rudi kwenye habari ya jamaa yangu wa tairi vuguvugu.

Na pande? Saketi inayozunguka kwa mwelekeo wa saa ina kona nyingi za kulia, kwa hiyo tairi za kushoto ndizo zinazokula shida. Angalieni za kushoto kwanza. Kabla ya kuhamisha tairi upande, soma ubavu wake. Lenye mshale lina mwelekeo wake wa kuzunguka. Lililoandikwa upande wa nje, upande huo ubaki nje.

Sasa mvua. Hapa nazungumzia kurudi nyumbani, na nazungumza kwa uzito wote nilionao.

Kuna kanuni iliyotokana na utafiti wa NASA juu ya matairi ya ndege kwenye njia zenye maji. Inasema kasi ambayo tairi linaanza kuelea juu ya maji inategemea upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu hiyo, tairi la psi 36 juu ya maji mengi, yaliyozidi uwezo wa mifereji yake, linaanza kuelea kwenye kilomita 100 kwa saa hivi. La psi 25, kwenye 83 hivi. Sasa fikirini. Umetoka saketi. Umepunguza upepo tairi likiwa la moto, likipoa upepo unashuka tena. Tairi lako ni nusu sliki, limebaki na mifereji ya milimita mbili. Gari lako ni jepesi. Na wingu limefunga. Umejipangia nini hapo?

Mwenzetu mmoja aliondoka saketi jioni akiwa na haraka, hakuongeza upepo. Mvua ikamkuta kwenye barabara kuu. Alisimulia kwamba hakusikia kitu chochote cha kumtahadharisha: usukani ulikuwa mzito kidogo, kisha ukawa mwepesi mkononi kama haujafungwa na kitu, na gari likaenda lilikotaka. Alisimama kwenye nyasi. Gari la nyuma yake lilikuwa mbali, ndiyo maana tuko naye. Ongezeni upepo kabla ya kuondoka, wenzangu. Bebeni pampu ndogo kwenye buti. Na mvua ikizidi, tairi la saketi likiwa miguuni, simameni mahali salama msubiri.

Nigusie umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira laini unazeeka hata ukiwa stoo, na kila unapopata moto mkali kisha ukapoa unakuwa mgumu zaidi kidogo. Ndiyo maana tairi la mbio lililotumika na wengine linaweza kuwa na mpira mwingi wa kutazama na mshiko mdogo wa kutumia. Kucha ya kidole gumba itakuambia mengi: bonyeza mpira. Ukirudi taratibu kucha ikiacha alama, mpira uko hai. Kucha ikiteleza tu, mrudishie muuzaji. Na tairi jipya lipe kipindi cha kwanza cha taratibu, lipate moto bila kuteswa, kisha lipumzike hadi kesho. Litakuvumilia kwa muda mrefu zaidi.

La mwisho kabla ya maswali. Tairi linaloshika zaidi linadai zaidi kutoka kwenye gari. Kona ikichukuliwa kwa nguvu zaidi, oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inakimbilia upande mmoja, na pampu ikivuta hewa badala ya oili, injini haichukui muda kufa. Beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikuuzoea. Breki zinapata kazi kubwa zaidi kwa sababu sasa tairi linaruhusu breki kali. Kwa hiyo anayepanda kutoka tairi la barabarani kwenda nusu sliki aangalie kiwango cha oili kila baada ya kipindi, aongeze vizuizi ndani ya sampu kama injini yake inajulikana kwa tatizo hilo, na ashike gurudumu kwa mikono miwili alitikise kabla ya kuingia tena.

Mwenyekiti, nimemaliza kwa upande wangu. Kabla hamjauliza maswali, naomba walioacha magari yao hapo nje watoke na tochi wasome zile tarakimu nne za DOT, tairi zote nne, maana mara nyingi hazilingani. Kipimajoto changu cha sindano na chaki viko hapa mezani. Mkirudi tuanze na mwenye gari jepesi kuliko wote.